Pano iliyofutika ingali sheria?

Wengi wananijua: mimi ni wa mahindi na udongo, si mwanasheria, si injenieri wa barabara. Lakini mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mvua ya kwanza ikiwa imeisha kunyesha, nilipoteza siku nzima ya kupanda juu ya kipande cha bati cha duara, na tangu siku ile ninasoma sheria ya mapano kwa uchungu. Ndiyo maana leo siandiki juu ya mbolea. Nataka kuhukumu sura ya mapano ya barabara zetu, sawa vile mutu anahukumu picha ao kitabu. Mashimo nayaacha, juu ya mashimo kila mutu iko na andiko lake.

Tulikuwa wawili juu ya pikipiki, motari na mimi, na nyuma tulifunga mifuko miwili ya mbegu, kilo 25 kila mmoja. Katika mji ambao sitautaja, tukakata kushoto kwenye njia ndogo ili kukwepa msongamano. Hatukufika mita 30. Mukubwa mmoja wa rulaje akatoka kwenye kivuli, akachukua ufunguo wa pikipiki mbele ya kusalimia.

— Mumeingia njia yenye kukatazwa.

— Nani amekataza, shefu?

— Pano.

Akatuonyesha kwa kidole. Juu ya chuma kilichoinama kulikuwa duara ya bati, yeupe, na kutu kidogo pembeni. Kwa mbali ungesema ni sahani ya bukari imetundikwa.

— Ile? Ile iko yeupe tu!

— Ilikuwaka nyekundu. Hapa kila mutu anajua.

— Sisi hatuko ba hapa, shefu.

— Sasa mumejua.

Motari alilipa amande, mimi nikamrudishia nusu, juu ni mimi niliyemwambia akate kushoto. Pikipiki ilifunguliwa saa tisa. Tulipofika shambani jua lilikuwa linashuka na vibarua walikuwa wamekwisha kurudi kwao.

Sina kinyongo na yule mukubwa. Alisema ukweli wake, na pengine aliiona ile duara ilipokuwa bado nyekundu. Ni lile neno lake njo limenikaa kichwani: hapa kila mutu anajua. Kama kila mutu anajua, pano ni ya nini? Mwenyeji haihitaji. Pano imewekwa kwa ajili ya mgeni, kwa ajili ya yule asiyejua, na yule anayepita usiku mara moja katika maisha yake. Siku inapoanza kueleweka na wenyeji tu, imegeuka kuwa siri ya mtaa, na siri ya mtaa haiwezi kutoza mutu amande.

Tuangalie sasa maandiko yanasema nini. Mkataba wa Vienna juu ya alama za barabarani ulifanywa tarehe 8 Novemba 1968. Inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, iliingia katika mkataba huo tarehe 25 Julai 1977, na mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, tukapata sheria namba 78-022, ile tunayoita Kodi mpya ya Barabara. Mpya, ndiyo, ingawa imezaliwa mbele ya wengi wetu tunaosoma hapa.

Nilifikiri nitakuta maneno makavu ya wanasheria. Kumbe mkataba ule ni kama mutu anayechora kwa maneno. Alama ya hatari inaweza kuwa pembetatu yenye pande sawa, upande mmoja umelala chini na ncha inaangalia juu, uwanja wake mweupe ao wa manjano, ukingo wake mwekundu, na upande wake ni karibu sentimita 90, ao 60 kwa ile ndogo. Geuza pembetatu hiyo ncha iangalie chini, usiweke picha yoyote ndani, imekuwa amri: acha wengine wapite. Ile ya kusimama inaweza kuwa na pembe nane, uwanja mwekundu, na neno STOP jeupe ambalo urefu wake hauruhusiwi kuwa chini ya theluthi moja ya urefu wa pano. Alama za kukataza ni duara: kipenyo kisipungue sentimita 60 nje ya miji, wala 40 ndani ya miji, isipokuwa zile za kukataza kuegesha, ambazo zinaweza kuwa ndogo zaidi. Kumbukeni hiyo 40, tutairudilia.

Kuna watu wataona vipimo hivi ni mambo ya ofisi. Mimi naona ni kinyume. Ukienda kilometa 60 kwa saa, unameza karibu mita 17 kila sekunde. Sheria iliyochapwa kwenye karatasi unaweza kuisoma mara tatu, kuuliza rafiki, kurudi nyuma kwenye kifungu. Sheria ya pano unaisoma kwa sekunde mbili, huku unaangalia mbuzi upande wa kuume na kamyo upande wa kushoto. Hakuna nafasi ya kufasiri. Kwa hiyo umbo na rangi ndiyo maandishi yenyewe. Ukitoa ukingo mwekundu ni kama umetoa neno "apana" katika kifungu cha sheria. Tena mkataba unasema wazi kwamba mfumo wake umejengwa juu ya maumbo na rangi za kila kundi, na pale inapowezekana picha zitangulie maneno, ili mutu wa inchi nyingine aelewe.

Sisi wa Katanga tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Nenda Kasumbalesa ukasimame saa moja tu. Kamyo zinatoka Zambia, ambako banaendesha upande wa kushoto, zinaingia kwetu upande wa kuume. Shofere anatoka Dar es Salaam, Ndola ao Durban. Anasema Kiswahili, Kibemba, Kizulu, Kiingereza. Kifaransa hakijui. Ukimwandikia kwenye ubao kwamba apunguze mwendo juu kuna shule, kwa Kifaransa kizuri chenye aksenti zote, umeandikia hewa. Lakini pembetatu yenye ukingo mwekundu anaijua tangu kwao. Umbo njo luga yake ya pekee kwenye barabara yetu, na amebeba tani nyingi nyuma ya kichwa chake.

Hapo sifa zangu kwa mkataba zimeisha, niseme juu ya jua.

Jua halisomi mikataba. Rangi nyekundu ni nyekundu kwa sababu inameza miale mingine, hata ile mikali ya bluu na ile isiyoonekana inayotufubaza mashati. Inavyomeza hivyo, inavunjika polepole. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa tunaona mawingu kwa taabu. Pano yenye rangi ya bei rahisi inakuwa nyekundu, kisha ya waridi, kisha yeupe. Tatizo hili si la Waafrika peke yao. Marekani, alama ya STOP ilikuwa ya manjano yenye maandishi meusi mpaka mwaka 1954, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba kwa miaka mingi hawakuwa na nyekundu inayovumilia jua. Nasema hivi kwa heshima: walijua rangi yao itafutika, kwa hiyo walichagua rangi nyingine mpaka walipopata nyekundu yenye kudumu. Sisi tunaweka ile inayofutika, halafu tunamweka mutu kwenye kivuli angojee.

Kuna jambo moja ambalo sijaona mutu akilisema, na kwangu ni kasoro ya ule mfumo mzuri wa Vienna. Mapano hayafi sawasawa. Ile ya kupunguza mwendo, hata ikipoteza ukingo wake, inabaki na namba nyeusi: 40, 60, unasoma. STOP hata ikiwa yeupe kabisa inabaki na pembe zake nane, na umbo hilo halitumiki kwa alama nyingine, hata ukiiona kwa nyuma ao imejaa vumbi unajua ni nini. Pembetatu yenye ncha chini, vilevile. Lakini ile ya kukataza kuingia ni rangi peke yake: duara nyekundu, mstari mweupe umelala katikati. Haina namba, haina mchoro, haina umbo lake la pekee. Nyekundu ikiondoka, unabaki na nyeupe juu ya nyeupe. Kwa hiyo pano inayokataza kwa ukali kuliko zote ndiyo inayokufa ya kwanza. Nani alifikiri juu ya hilo pale Vienna? Pengine jua lao liko na huruma.

Usiku ni mambo mengine kabisa. Mkataba unashauri sheria za inchi zitake mapano, zaidi yale ya hatari na ya amri, yawe na taa ao yavikwe kitu kinachorudisha mwanga. Kitu hicho ni karatasi yenye shanga ndogondogo za kioo, ao vipande vidogo vya plastiki vyenye pembe, ambavyo vinapokea taa ya motokari na kuirudisha palepale ilikotoka, kwa macho ya shofere. Rangi ya mafuta ya nyumba haifanyi hivyo. Mukitaka kupima, chukueni toshi ya simu, ishikeni kando ya jicho, simameni mbali kidogo na pano usiku. Ikiwaka kama jicho la paka, iko muzima. Ikibaki bati, ni bati. Nimefanya hivyo kwenye njia ninayopita kwenda shamba, na wanakijiji bakafikiri nimepoteza akili.

Sasa niseme kwa kazi yangu, juu hapo njo hasira yangu ilipata umbo. Kwenye mbegu, sisi pia tuko na alama za sheria. Katika utaratibu wa OECD, mbegu ya msingi inabeba karatasi nyeupe, mbegu iliyothibitishwa ya kizazi cha kwanza karatasi ya bluu, ya kizazi cha pili nyekundu. Mfuko ukipoteza karatasi yake, hata kama ndani kuna mbegu nzuri, hata kama mimi mwenyewe niliitoa shambani na ninaijua kwa jina, siwezi kuiuza kama mbegu iliyothibitishwa. Imekuwa mahindi ya kula. Mkulima anaweza kuniambia mbele ya watu: "Injenieri, karatasi ya bluu iko wapi?" na mimi ninyamaze. Siwezi kumjibu "hapa kila mutu anajua." Hapo ndipo ninauliza wanasheria wa chama chetu: kwa nini mkulima ana haki ya kukataa mfuko usio na rangi yake, na motari hana haki ya kukataa pano isiyo na rangi yake?

Mkataba wenyewe unaeleza sura ya pano, lakini haujibu swali la motari wangu: pano iliyopoteza sura ingali inafunga mutu? Hilo limeachiwa kila inchi. Nikatafuta wengine wamefanya nini, nikakuta Uingereza. Kule sheria ya usafiri wa barabara ya mwaka 1988, kifungu cha 36, inasema alama ihesabiwe kuwa na ukubwa, rangi na aina iliyoagizwa, mpaka ionyeshwe kinyume. Angalieni uzuri wa sentensi hii. Inaanza upande wa serikali: polisi hatembei na metre kila asubuhi. Lakini inamwachia shofere mlango: onyesha kinyume. Na mlango huo si wa bure. Mwaka 1971, katika kesi ya Davies na Heatley, mutu alishtakiwa kwa kuvuka mistari miwili myeupe barabarani. Mistari ile haikuchorwa namna kanuni zilivyoagiza. Korti ikasema hakuna kosa, hata kama mutu wa kawaida angeelewa mistari ile inataka nini.

Nilipomweleza mukubwa mmoja wetu, mwanasheria, alicheka. "Wewe wa mahindi, unataka kila shofere atafute msumari uliopotea ili asilipe?" Ni hoja nzuri na haifai kudharauliwa. Hata Waingereza waliiona: mwaka 1984, katika kesi ya Cotterill na Chapman, korti ilisema kasoro ndogo sana ya vipimo haiuwi alama. Basi hatuzungumzi juu ya msumari. Tunazungumza juu ya pano ambayo mutu mwenye macho mazima, mchana kweupe, hawezi kusema ni ya nini.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. Akasema: na mtoto akigongwa mbele ya shule, shofere aseme pano ilifutika? Nililala nayo siku mbili, sikuwa na jibu. Leo jibu langu ni hili. Kuna mambo mawili na tunayachanganya. Kuendesha kwa akili mbele ya watoto hakutoki kwenye pano. Mutu akiona mashati meupe na masuruali ya bluu kando ya njia, lazima apunguze, pano iwepo isiwepo. Pano iliyofutika haimwondolei wajibu huo hata kidogo. Inamwondolea amande ya kutotii alama, basi. Tena inafungua swali ambalo leo hatuulizi kamwe: mwenye pano ni nani, na alipita lini mara ya mwisho kuiangalia? Leo pano ikifutika analipa shofere. Mwenye pano halipi kitu. Katika hali hiyo kuna faida gani kuitengeneza? Samahani kwa kusema hivyo, lakini pano iliyofutika inazaa feza kuliko pano nzuri, juu nzuri banaitii.

Nimetaja shule, nikae hapo kidogo. Mbele ya shule nyingi, pano ya watoto ni zawadi ya kampuni. Sitaitaja hata moja. Niliyosimama mbele yake mwezi wa pili ilikuwa ya mraba mrefu, si pembetatu. Juu, rangi za kampuni. Katikati, jina la kampuni kwa herufi kubwa kama mukono wangu. Chini, upande wa kushoto, watoto wawili wadogo wa kuchorwa, kiasi cha kiganja, wanavuka. Nilipita na pikipiki mara mbili, makusudi, kwa mwendo wa kawaida. Mara zote mbili macho yangu yalisoma jina la kampuni, na watoto sikuwaona mpaka nilipofika sawa nao. Yaani mchoraji alifanya kazi nzuri sana, lakini ya tangazo.

Kifungu cha 4 cha mkataba kinakataza waziwazi kubandika kwenye alama, ao kwenye mguu wake, kitu chochote kisichohusu kazi ya alama ile. Kinakataza pia kuweka ubao wowote unaoweza kuchanganywa na alama, kuzifanya zisionekane, ao kuvuta macho ya mwenye kuendesha kwa namna ya kuhatarisha. Ruhusa iliyo pale ni ndogo: chama kisichotafuta faida, kikiruhusiwa kuweka alama za kujulisha, kinaweza kuonyesha nembo yake, kwa sharti nembo isipunguze kueleweka. Najua mutanijibu: serikali haina feza, kampuni inatoa bati, tusimtukane anayetoa. Sawa. Basi kampuni itoe bati, na jina lake liandikwe kwenye risiti. Ao, kama inaipenda sana barabara, iandike nyuma ya pano. Kwani nyuma kuna nafasi.

Tena nyuma ya pano ni mahali pa kusoma. Kule Ulaya, kanuni ya EN 12899 inataka pano ibebe alama ya aliyeitengeneza, mwaka, na kiwango chake cha kurudisha mwanga. Kwa hiyo mutu yeyote anaweza kuzunguka na kuona: pano hii ina miaka mingapi, ni ya aina gani. Sawasawa na karatasi ya mfuko wa mbegu. Nimezungukia mapano yetu zaidi ya ishirini kwenye njia yangu. Nyuma nilikuta kutu, namba za simu za waganga, na mara moja kiota cha nyigu. Tarehe, hata moja. Ingekuwa kazi ndogo kuipiga kwa rangi, mwezi na mwaka, na kusema kwamba mutu akileta picha ya simu inayoonyesha pano haisomeki, amande ingojee mpaka mwenye pano ajibu. Sikufikiri njia nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kuna pia mapano ya mikono, yale wanakijiji banajichorea. Siyacheki, juu mara nyingi yanawekwa baada ya kilio. Lakini niliona moja ya kuonya juu ya ng'ombe ambayo ilikuwa mbwa mwenye pembe. Margaret Calvert, aliyechora mapano ya Uingereza pamoja na Jock Kinneir, yale yaliyoanza kutumika mwaka 1965, alimchora ng'ombe wake kwa kumfuata ng'ombe wa kweli wa shamba la ndugu zake, jina lake Patience. Mimi wa kilimo nilifurahi sana kusoma hivyo. Mutu aliona kwamba hata ng'ombe wa kwenye bati anastahili kuangaliwa vizuri kabla ya kuchorwa.

Na kuna alama moja yetu ambayo haimo katika Vienna, wala haina rangi ya kiwandani, lakini kila mutu anaitii: matawi. Kamyo ikiharibika, mtoto wa kamyo anakata matawi, anayalaza barabarani mita kadhaa nyuma na mbele. Ukiona majani mabichi juu ya lami, unapunguza. Mzambia anapunguza, Mtanzania anapunguza, mimi napunguza. Nilijiuliza kwa nini yanafanya kazi kuliko pembetatu nyingi za bati. Nafikiri ni juu majani yana maana moja tu, hakuna aliyeyatumia kutangaza kitu, na ubichi wake unasema ni habari ya leo. Yakikauka, unajua ni ya juzi. Yaani tawi linabeba tarehe yake lenyewe! Ubaya wake ni kwamba kamyo ikiisha kutengenezwa, matawi yanabaki, na siku tatu watu banakwepa hatari ambayo haiko tena, mara nyingine wakiingia upande wa wenzao. Usiku hayaonekani kabisa. Sisemi tuyaweke katika sheria. Nasema tu kwamba watu wetu wanatii alama inayosomeka. Ile hadithi kwamba Mkongomani hana nidhamu ya barabara sitaisikiliza tena kutoka kwa mutu ambaye hajasimama mbele ya mapano yenyewe.

Mwezi wa tatu nilirudi katika ule mji, safari hii kwa basi, kununua dawa ya viwavi. Nikapita makusudi kwenye ile njia. Mutu alikuwa amepaka duara ile upya. Nyekundu nzuri ya mafuta, ile ya milango, na mstari mweupe katikati. Ila mstari ulikuwa umesimama wima badala ya kulala. Mchana niliielewa, juu nilikuwa nimekwisha kulipa ili kuielewa. Jioni nilipita tena na toshi ya simu: bati.

Nilikuwa na metre yangu ya mistari ya mahindi katika mfuko. Nikaomba jiwe kwa mama muuza karanga, nikapanda, nikapima kipenyo. Sentimita 38.

Yule mukubwa wa siku ile hakuwapo. Kulikuwa kijana mwingine, akanikaribia, akaniuliza kama natumwa na ofisi ya barabara.

— Apana, shefu. Mimi ni wa mahindi.

Akaangalia duara, akaangalia metre.

— Sawa, mukubwa. Basi ukiona mahali banauza ile rangi ya kuwaka usiku, utuambie.